Nani Alipie Safari ya Umeme?

Machi 2025, akiwa ziarani mkoani Kilimanjaro, Rais Samia Suluhu Hassan alieleza jambo lililowashangaza wengi: Tanzania ilikuwa ikijipanga kununua umeme wa Ethiopia, upitie Kenya, uje kuhudumia mikoa ya Kaskazini. Mshangao ulikuwa na msingi. Bwawa la Julius Nyerere kule Rufiji, lenye mitambo tisa ya megawati 235 kila mmoja, lilikuwa mbioni kukamilika, na wananchi walikwisha kuambiwa kwamba megawati zake 2,115 zingemaliza shida ya mgawo na kubakiza ziada. Iweje nchi yenye ziada ikanunue kwa jirani? Jibu la Rais lilihusu safari yenyewe. Umeme unaozalishwa kusini hupotea njiani ukipelekwa Kaskazini, na upotevu huo, alisema, unaigharimu nchi shilingi bilioni 32 kwa mwaka.

Mjadala uliofuata uliegemea kwenye kujitegemea, fahari ya Bwawa na hofu ya kuwekwa mfukoni na jirani. Suala la safari likapita bila kuulizwa zaidi. Kuusafirisha umeme kunagharimu kiasi gani? Gharama hiyo inagawanywa vipi kati ya mkazi wa Moshi, mgodi wa Geita, kiwanda cha Chang'ombe na mkulima ambaye bado anawasha kibatari? Na nani amekaa mezani kuamua?

Maswali hayo yana majibu, na majibu yake yamo katika kila uniti tunayoinunua. Nchi za Afrika Mashariki zinaunganisha gridi zao, zinaita wawekezaji binafsi wajenge njia kubwa za umeme, na baadhi zinajiandaa kuwaruhusu wateja wakubwa wanunue umeme moja kwa moja kwa wazalishaji. Katika kila hatua hiyo kuna mtu atakayebebeshwa gharama na mwingine atakayepunguziwa. Naamini kanuni ya kugawa gharama hizo iandikwe, ielezwe sababu zake na ijadiliwe hadharani kabla mnara wa kwanza haujasimikwa, kwa kuwa njia ikishajengwa deni lake haliulizi tena nani alikubali.

Njiani kuna nini

Umeme ukipita kwenye waya huupasha moto. Joto hilo ni nishati ambayo imekwisha kuzalishwa kwa gharama, lakini haitamfikia mtu yeyote. Upotevu huo hukua haraka: mkondo ukiongezeka maradufu, joto linalopotea huongezeka mara nne. Ndiyo sababu wahandisi hupandisha msongo wa umeme kabla ya kuusafirisha mbali, maana msongo ukiwa mkubwa mkondo hupungua. Kwa kiasi kilekile cha umeme na waya wa unene uleule, kutoka msongo wa kilovoti 220 kwenda kilovoti 400 hupunguza upotevu hadi chini ya theluthi moja ya ule wa awali.

Msongo mkubwa nao una bei yake. Unataka minara mirefu, vituo vya kupoza umeme vyenye transfoma za gharama kubwa, na mkuza mpana ambao wenye mashamba yaliyopitiwa wanastahili kulipwa fidia. Umeme wa Bwawa la Julius Nyerere hutoka Rufiji kwa njia ya kilovoti 400 yenye urefu wa kilomita 160 hadi Chalinze, na kutoka hapo ndipo hugawanyika kuelekea sehemu nyingine za nchi. Ukiitazama ramani, utaona kwamba Arusha iko karibu zaidi na vituo vikubwa vya Kenya kuliko ilivyo karibu na Rufiji.

Sifa moja ya njia kubwa za umeme ndiyo inayoufanya ugawaji wa gharama zake uwe mgumu. Karibu fedha yote hutumika mwanzoni. Njia ikishasimama, inaweza kudumu miaka 40 au zaidi, na gharama yake haibadiliki sana iwe imebeba mzigo kamili au imebaki nusu tupu. Dizeli ya jenereta huhesabika kwa kila uniti iliyozalishwa. Mnara hauhesabiki hivyo. Deni lake lipo usiku na mchana, na watumiaji wake ni mamilioni ya watu wasiofanana.

Mezani kwa mdhibiti

Tanzania kazi ya kugawa gharama hizo ni ya mdhibiti wa nishati na maji, EWURA, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2001 na kuanza kazi mwaka 2006. Kenya ni ya EPRA, iliyorithi majukumu ya tume iliyoitangulia baada ya Sheria ya Nishati ya mwaka 2019. Uganda ni ya ERA, iliyotokana na Sheria ya Umeme ya mwaka 1999. Wote huanza kwa hesabu moja: mapato ambayo kampuni ya umeme inayahitaji kihalali. Humo huingia gharama za uendeshaji na matengenezo, uchakavu wa mitambo unaogawanywa kwa miaka ya uhai wake, riba ya mikopo, na faida inayoruhusiwa juu ya mtaji uliowekezwa. Mdhibiti hupitia kila kipengele. Akiona gharama imetokana na uzembe au ujenzi usio wa lazima, ana mamlaka ya kuikata.

Hatua ya pili ndiyo yenye ubishi: mapato hayo yakusanywe kwa nani, na kwa kipimo gani?

Chukua bei ambazo EWURA iliidhinisha kwa TANESCO, shirika la umeme la Tanzania, mapema mwaka 2016. Mteja wa kawaida wa kundi la T1 alipangiwa shilingi 292 kwa uniti, kabla ya kodi na tozo. Mteja mkubwa wa msongo wa juu, kundi la T3-HV, alipangiwa shilingi 152. Kwa haraka mtu atasema tajiri amependelewa. Lakini mgodi unaochukua umeme moja kwa moja kwenye msongo mkubwa hautumii nguzo za mtaani wala transfoma za mtaa, na zaidi ya hapo hulipia shilingi 16,550 kwa kila kVA (kipimo cha ukubwa wa mzigo) ya mahitaji yake ya juu katika mwezi. Mteja wa T1 halipii kVA. Gharama yote ya njia imewekwa ndani ya uniti. Naye mteja wa D1, anayetumia uniti zisizozidi 75 kwa mwezi, alipangiwa shilingi 100, ikimaanisha kwamba sehemu ya gharama yake inabebwa na wengine. Orodha hiyo fupi ya bei imebeba maamuzi kadhaa ya haki, na hakuna hata mmoja unaoonekana kwenye risiti ya LUKU, mfumo wa kulipia umeme kabla ya kuutumia.

Vipimo vinavyoshindana

Kipimo cha kwanza ni uniti: kila mtu alipie njia kulingana na umeme alioutumia. Kipimo cha pili ni mahitaji ya juu. Njia hujengwa iweze kubeba mzigo mkubwa kuliko wote wa mwaka, hivyo alipe zaidi yule anayetumia umeme saa ambazo gridi imezidiwa. Kipimo cha tatu ni umbali na mahali, ambapo anayelazimisha njia ndefu ndiye hulipa zaidi. Cha nne ni kiwango kimoja kwa wote, kama stempu ya posta ambayo bei yake haitazami barua inakwenda mtaa wa pili au mkoa wa mwisho.

Tuseme kwa mfano kwamba njia moja inahudumia wateja wawili tu na inahitaji kurudisha shilingi 280,000 kwa siku. Mteja wa kwanza ni kiwanda kinachotumia kilowati 1,000 mfululizo kwa saa 24. Wa pili ni mji mdogo unaotumia kilowati 1,000 kwa saa nne za jioni peke yake. Kiwanda kinatumia uniti 24,000 na mji uniti 4,000. Tukigawa kwa uniti, kila uniti inabeba shilingi 10: kiwanda kinalipa 240,000, mji 40,000. Tukigawa kwa mahitaji ya juu ya jioni, wote wawili wameibana gridi sawasawa, kwa hiyo kila mmoja analipa 140,000. Bili ya njia kwa wakazi wa mji imepanda mara tatu na nusu, ilhali hakuna waya uliobadilika wala taa iliyoongezwa. Na kiwanda kikizima mitambo yake katika saa hizo nne, hesabu ya mahitaji ya juu inakitoza sifuri, na wakazi wanabeba 280,000 yote.

Hayo yametokea kwingine kwa sura yake. Katika jimbo la Texas nchini Marekani, gharama za njia kubwa zimekuwa zikigawanywa kwa kuangalia dakika 15 za mzigo wa juu kabisa katika kila mwezi kuanzia Juni hadi Septemba. Wateja wakubwa, wakiwemo wachimbaji wa sarafu ya bitcoin, wakajifunza kuzikadiria dakika hizo na kuzima mitambo, na gharama waliyoikwepa ikawahamia wengine. Mwaka 2025 bunge la jimbo likapitisha sheria iliyoitaka tume ya huduma za umma ikipitie upya kipimo hicho. Uingereza nayo kwa miaka mingi ilitumia nusu saa tatu za kilele cha majira ya baridi. Baada ya uchunguzi wake, mdhibiti wa huko, Ofgem, alihamishia sehemu kubwa ya tozo hiyo kwenye malipo yasiyobadilika kuanzia Aprili 2023. Sababu aliyoitoa ilikuwa ni ileile: mwenye uwezo wa kukwepa alikuwa akimwachia mzigo asiye na uwezo huo.

Kwetu pia kuna dalili za mwanzo za jambo hilo. Viwanda na majengo makubwa Nairobi na Dar es Salaam yanaweka mitambo ya jua juu ya paa. Ni jambo jema kwa nchi na kwa hewa. Hata hivyo, mwenye paa la jua hununua uniti chache mchana, kisha jioni huitegemea gridi ileile yenye minara ileile. Ikiwa gharama ya njia imefungwa ndani ya uniti, fungu lake linapungua na la mpangaji wa chumba kimoja, ambaye hana paa lake, linakua. Mdhibiti asiyelitazama hilo mapema atakuja kulikuta limekwisha kuwa mazoea.

Bei moja nchi nzima

Kwa miaka mingi Kigoma haikuwa kwenye Gridi ya Taifa. Umeme wake ulitoka kwenye jenereta za dizeli, na kila uniti ilizalishwa kwa gharama kubwa kuliko bei iliyouzwa. Hata hivyo mkazi wa Ujiji alilipa bei ileile ya mkazi wa Kariakoo. Huo ulikuwa uamuzi: kwamba kuzaliwa mbali na mtambo kusiwe adhabu. Kwa msingi huohuo, Wakala wa Nishati Vijijini umepeleka nguzo katika vijiji ambavyo mauzo yake ya umeme yasingelipa gharama ya njia, na tozo ya asilimia 3 tunayokatwa kwenye manunuzi ya umeme imechangia kazi hiyo.

Mimi naiunga mkono bei moja kwa mteja wa nyumbani, na ningependa iendelee. Ubaya wake ni pale inapotumiwa kuficha. Mwekezaji anayetaka kujenga kiwanda kinachokula umeme mwingi haoni popote kwenye bei kwamba mkoa mmoja uko karibu na umeme na mwingine uko mbali. Mzalishaji naye haoni gharama ya mahali alipoamua kuweka mtambo wake. Uingereza ilichagua njia tofauti: tangu miaka ya 1990 tozo zake za usafirishaji hutofautiana kwa eneo, na mtambo wa upepo wa kaskazini mwa Scotland, mbali na miji mikubwa, hutozwa zaidi kuliko mtambo ulio karibu na London. Wawekezaji wa Scotland wamelalamika miaka yote kwamba wanaadhibiwa kwa kufuata upepo ulipo. Afrika Kusini ilijaribu njia ya kati: wateja wakubwa wa Eskom waliwekwa katika kanda kulingana na umbali wao kutoka Johannesburg, lakini tofauti kati ya kanda ya karibu na ya mbali kabisa ilikuwa asilimia 3 tu.

Kwa hiyo mdhibiti anaweza kumlinda mteja mdogo kwa bei moja, na papo hapo akamwonyesha mteja mkubwa gharama halisi ya mahali. Kinachotakiwa ni kusema wazi nani analindwa na kwa fedha ya nani.

Mitambo 365 iliyosubiri waya

Somo kubwa zaidi la Afrika Mashariki lipo Loiyangalani, kaskazini mwa Kenya. Mradi wa upepo wa Ziwa Turkana, wenye mitambo 365 na uwezo wa megawati 310, ulikamilika kujengwa mwaka 2017. Upepo ulikuwepo, mitambo ilikuwepo, lakini njia ya kuufikisha umeme Suswa, umbali wa zaidi ya kilomita 400, haikuwepo. Kazi ya kuijenga ilikuwa ya Serikali kupitia kampuni yake ya kusafirisha umeme, KETRACO, na mkandarasi kutoka Hispania alifilisika kazi ikiwa haijaisha. Njia iliwashwa Septemba 2018.

Mkataba wa kununua umeme ulikuwa umetamka kwamba mwekezaji akiwa tayari na njia isiwepo, atalipwa kwa umeme ambao angeuzalisha. Kenya ikajikuta inadaiwa mabilioni ya shilingi kwa umeme ambao haukuwasha taa hata moja. Benki ya Dunia ilikuwa imekwisha kujitoa kwenye mradi huo mwaka 2012, ikihofia kwamba umeme huo ungelipiwa bila kutumika. Hatari ilijulikana kwa wenye nyaraka. Mteja wa Kakamega au Kilifi, ambaye hatimaye alichangia kulipa, hakuwa ameulizwa ni nani abebe hatari ya ucheleweshaji: mwekezaji, mkandarasi, Hazina ya Taifa, au yeye.

Hilo linatufikisha kwenye jambo lisilozungumzwa vya kutosha. Njia nyingi za KETRACO zimejengwa kwa mikopo ya Serikali na fedha za bajeti. Gharama isiyoingia kwenye bili haijatoweka. Imehamia kwenye kodi. Mama anayeuza samaki katika kijiji kisicho na umeme analipa kodi anaponunua sabuni na mafuta, na sehemu ya kodi hiyo inalipia njia inayopita juu ya kijiji chake kuelekea mjini. Kumtoza huenda kukawa na hoja, kwa kuwa nchi yenye viwanda humnufaisha naye. Lakini hoja hiyo isemwe na ipimwe.

Mahakama ilipodai sababu

Marekani ubishi huu uliwahi kufika mahakamani, na hukumu zake zina faida kwetu. Tume ya nishati ya serikali kuu, FERC, iliamua kwamba njia mpya za kilovoti 500 na zaidi katika gridi ya PJM, inayoenea kutoka New Jersey hadi Illinois, zilipiwe na kampuni zote za umeme kwa kiwango kimoja. Illinois ikapinga. Njia nyingi zilikuwa mashariki, mbali na Chicago, na tume haikuwa imeonyesha wakazi wa Illinois wangenufaika kwa kiasi gani. Mwaka 2009 mahakama ya rufaa iliyoko Chicago, kwa hukumu iliyoandikwa na Jaji Richard Posner, iliirudishia tume uamuzi wake. Haikudai hesabu ya faida hadi senti ya mwisho. Ilidai mdhibiti awe na sababu zinazoeleweka za kuamini kwamba anayelipa anapata faida inayokaribiana na anachotozwa.

Miaka minne baadaye, mwaka 2013, mahakama hiyohiyo na jaji yuleyule waliukubali mpango wa kugawa gharama za njia za upepo kwa majimbo mengi ya kati ya Marekani. Safari hii mdhibiti alikuja na ushahidi wa nani angenufaika na vipi. Kugawa kwa wote hakukuwa kosa mwaka 2009, wala hakukuwa sahihi kwenyewe mwaka 2013. Tofauti ilikuwa sababu zilizowekwa mezani.

Texas, pamoja na kasoro niliyoitaja, ilionyesha faida ya kuamua mapema. Sheria ya mwaka 2005 iliagiza maeneo yenye upepo mwingi yatambuliwe na njia zijengwe kuyafikia, huku gharama ikigawanywa kwa watumiaji wote wa gridi ya jimbo. Kufikia mwanzoni mwa mwaka 2014 njia zilikuwa tayari, kwa karibu dola bilioni 7, na mitambo ya upepo ikafuata. Kila mtu alijua tangu mwanzo nani angelipa. Loiyangalani mpangilio ulikuwa wa kinyume, na bei yake tumeiona.

Umeme unapovuka mpaka

Suswa leo ni njia panda ya umeme wa ukanda huu. Hapo ndipo inapoishia njia ya Loiyangalani. Hapo pia ndipo inapoishia njia ya kilovoti 500 kutoka Wolayta Sodo nchini Ethiopia, yenye urefu wa kilomita 1,045 na uwezo wa megawati 2,000, ambayo tangu Novemba 2022 imekuwa ikiipa Kenya umeme. Kutoka Suswa umeme unaweza kwenda Isinya, na kutoka Isinya njia ya kilovoti 400 inashuka hadi Namanga, Arusha na Singida. Njia hiyo, yenye kilomita zipatazo 507, kati yake 414 zikiwa upande wa Tanzania, iliwashwa Desemba 2024. Ndiyo iliyoufanya mpango aliouzungumzia Rais Samia uwezekane.

Mkazi wa Arusha akiwasha jiko kwa umeme wa Ethiopia, bei yake itakuwa na sehemu tatu: bei ya mzalishaji, tozo ya Kenya kwa kupitisha, na fidia ya kiasi kinachopotea njiani. Sehemu ya pili ndiyo yenye mizani nyeti. Kenya ikitoza kidogo mno, walipa kodi wake waliokopa kujenga njia za ndani watakuwa wanamlipia jirani. Ikitoza kupita kiasi, faida ya kuepuka upotevu wa kutoka Rufiji itamezwa, na Tanzania haitakuwa na sababu ya kununua.

Jirani zetu wa kusini walianza kukabili swali hili zamani. Umoja wa gridi za Kusini mwa Afrika, ulioanzishwa mwaka 1995, ulianza kwa kanuni nyepesi: umeme ukipita nchi moja, tozo ni asilimia 7.5 ya thamani yake; ukipita mbili au zaidi, asilimia 15. Ilieleweka kwa haraka, lakini haikuutambua uzito halisi ambao kila safari huweka kwenye nyaya za nchi mpitishaji. Umeme haufuati mkataba; hugawanyika katika kila njia iliyo wazi kwa kadiri ya wepesi wake. Baadaye wakahamia kwenye hesabu inayopima megawati ngapi zimepita kilomita ngapi. Umoja wa gridi za Mashariki mwa Afrika, wenye makao Addis Ababa, una nafasi ya kujifunza kutoka hapo, hasa kwa kuwa njia ya Tanzania na Zambia inayojengwa kupitia Iringa, Mbeya na Sumbawanga itaziunganisha gridi za kanda hizo mbili.

Mlango wa kikao uwe wazi

Oktoba 2024 KETRACO ilisaini mkataba wa miaka 30 na kampuni ya Adani ya India, wenye thamani ya dola milioni 736, wa kujenga na kuendesha njia tatu, kubwa yake ikiwa ya Gilgil, Thika, Malaa hadi Konza. Chama cha Wanasheria wa Kenya kilikwenda mahakamani kikilalamikia usiri na kukosekana kwa ushiriki wa umma, na Mahakama Kuu ikasimamisha utekelezaji. Novemba 21 Rais William Ruto alitangaza kuufuta, baada ya waendesha mashtaka wa Marekani kumfungulia kesi mwanzilishi wa kampuni hiyo kwa tuhuma ambazo kampuni imezikanusha. Kenya bado inazihitaji njia hizo. Magharibi mwa nchi huonja kukatikakatika kwa umeme kila njia zinapozidiwa. Kilichokosekana ni jibu la mapema kwa swali la mteja: kwa miaka hiyo 30 nitatozwa nini, kwa kipimo gani, na nani amekihakiki?

Tanzania ina utaratibu ambao ungeweza kutoa majibu ya aina hiyo. Kila ombi la kubadili bei hupitia mkutano wa taftishi, ambako kampuni hujieleza, wananchi huuliza, na Baraza la Ushauri la Watumiaji wa Huduma za Nishati na Maji huwatetea wateja. Baadaye katika mwaka 2016 TANESCO iliomba ongezeko la asilimia 18.19, na baada ya kuchambua, EWURA iliidhinisha asilimia 8.53. Kabla bei hizo hazijaanza kutozwa Serikali ilizisimamisha, na mkurugenzi mtendaji wa TANESCO akaondolewa. Wengi walifurahi, na furaha hiyo ninaielewa. Lakini gharama iliyokwisha kuthibitishwa na mdhibiti ilibaki palepale, na ililazimika kubebwa na ruzuku, na deni, au na matengenezo yaliyoahirishwa. Uamuzi wa mdhibiti ukitenguliwa nje ya kikao, mwananchi aliyekuja kwenye taftishi na hoja zake naye ametenguliwa.

Nataka mambo matatu yafanyike. Risiti ya LUKU na ya tokeni ionyeshe kando kiasi gani cha kila uniti kinalipia uzalishaji, kiasi gani njia kubwa, na kiasi gani nguzo za mtaani. Kila njia mpya ya msongo mkubwa, iwe ya mkopo wa Serikali au ya mwekezaji, itanguliwe na tamko la mdhibiti la nani ataibeba gharama yake na nani atabeba hatari ya kuchelewa, likiwa limepita kwenye mkutano wa wazi kwa Kiswahili ambacho kila mteja anakielewa. Na tozo za kupitisha umeme kati ya nchi zetu zichapishwe, pamoja na hesabu iliyozizaa.

Wadhibiti wana wataalamu wa kufanya haya, na sheria zetu tayari zinawapa mamlaka. Kilichobaki ni sisi wateja kuidai nafasi yetu. Tangazo la mkutano wa taftishi linapotoka gazetini, tulisome. Vyama vya wafanyabiashara, vyama vya wapangaji, mabaraza ya madiwani na vyuo vikuu vitume watu waliojiandaa, wenye swali lililoandikwa: njia hii inajengwa kwa ajili ya nani, na kwa nini tumepangiwa fungu hili? Mdhibiti anapaswa kulijibu swali hilo kwa maandishi anapotoa uamuzi wake. Lisipoulizwa, fungu litapangwa vilevile, na tutalilipa kwa miaka 40.